Simu Juu ya Stuli, Theluji Juu ya Kibo

Wiki ya tatu ya TP nilipangiwa kipindi cha hali ya hewa, Jiografia, kidato cha kwanza. Andalio la somo lilikuwa safi, hata msimamizi wangu alilipitia akatikisa kichwa cha kuridhika. Ubaoni niliandika aina za mvua, ukungu, umande, mvua ya mawe na theluji. Niliandika kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, nikafafanua kwa Kiswahili kama hali inavyotaka. Nilipofika kwenye theluji, kijana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo inaanguka kama mvua, au inaota kama ile nyeupe ya kwenye friza la Mangi?"

Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka pia, ila kicheko changu kilikuwa cha kununua muda. Kusema ukweli, theluji sijawahi kuiona. Nimezaliwa na kukulia Nguvumali, Tanga, ambako baridi kubwa ni ile ya Julai inayokufanya utafute shuka asubuhi. Nikajibu, "Inaanguka." Akaendelea: "Kwa kasi gani? Ina kelele kama mvua kwenye bati? Inachukua muda gani kujaa?" Kengele ikalia, ikaniokoa.

Wenzangu wa Elimu mnalijua hilo jasho. Swali lake halikuwa la utundu hata kidogo. Alikuwa anauliza kitu ambacho maana yetu ya daftarini haina: jambo hili linatokeaje, kuanzia mwanzo hadi mwisho? Sisi tunafundisha hali ya hewa kama orodha ya majina, wakati hali ya hewa yenyewe ni jambo linalotembea.

Usiku ule nikakata bando langu mwenyewe nikaingia mtandaoni. Nikakutana na video moja iliyosambaa sana, ya dhoruba ya theluji ya Desemba 2010 mjini Belmar, New Jersey, pwani ya mashariki ya Marekani. Mpiga picha aliweka kamera yake juu ya stendi, akaiamuru ipige picha moja kila baada ya dakika tano, kwa muda wa saa 20. Kisha akaziunga zote zikawa video ya sekunde 40. Kuna meza nje, kuna viti, kuna kichaka. Theluji inaanza kama unga uliomwagika mezani. Inapanda kama mkate wa kumimina ndani ya sufuria. Mwisho viti havionekani tena.

Kesho yake nikawaonyesha wanafunzi kwenye simu yangu, wanane kwa wanane, maana projekta shuleni hapakuwa na hata moja. Waliangalia kimya. Halafu yule yule wa benchi la nyuma akasema, "Sawa Madam, hiyo ya Marekani. Na ya kwetu ya Kilimanjaro iko wapi?"

Hapo ndipo makala hii ilipozaliwa.

Namna hii ya kupiga picha inaitwa taimulapsi, na kwenye simu nyingi za siku hizi imo tayari ndani ya programu ya kamera, pembeni ya video ya kawaida. Wengi wetu tunaitumia kurekodi machweo ya jua na kuweka kwenye stetasi. Hoja yangu ni kwamba hii ni chaki ambayo walimu hatujaishika bado, na kwamba nchi yenye mlima wenye theluji chini ya ikweta haina sababu ya kufundisha theluji kwa meza na viti vya New Jersey.

Nianze na kazi yenyewe, maana ni nyepesi kuliko inavyosikika. Video ya kawaida huonyesha kama picha 24 au 30 kwa sekunde. Tuseme unataka kurekodi mvua ya saa 6. Ukipiga picha moja kila sekunde 10, utapata picha 2,160. Ukizionyesha kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, unapata video ya sekunde 90. Hiyo peke yake ni hesabu ya darasani: mwanafunzi agawanye, azidishe, aamue mwenyewe pengo la picha na picha liwe refu kiasi gani. Wingu linakimbia, linataka pengo fupi. Mbegu inayoota inataka pengo la nusu saa. Barafu ya mlimani inataka picha moja kwa saa, tena kwa miaka. James Balog, mpiga picha wa Marekani, alianza mradi wa namna hiyo mwaka 2007 akasimika kamera mbele ya barafu za Greenland, Iceland na Alaska, na watu waliokuwa wakisikia takwimu bila kushtuka wakashtuka walipoona barafu ikirudi nyuma kama mtu anayefukuzwa.

Masharti yake ni machache. Kamera isitikisike. Mwanga na umakini wa lenzi uvifunge, la sivyo simu itabadilisha yenyewe kila wingu likipita na video itapepesa kama taa mbovu. Weka kitu cha kupimia mbele ya kamera: rula, ndoo, ngazi. Ile meza ya Belmar inafundisha kwa sababu tunajua meza ina kimo gani. Kwenye theluji kuna mengine mawili: weupe mwingi huidanganya kamera ikafanya theluji ionekane ya kijivu, kwa hiyo mwanga uongezwe kidogo, na betri hufa haraka kwenye baridi.

Sasa niwaambie jinsi nilivyolipa ada ya kujifunza hili nyumbani kwetu.

Masika iliyofuata nilikuwa likizo Nguvumali. Ua wetu hujaa maji kila mwaka. Si maji ya kuogelea, ni yale ya kuingia jikoni na kubeba kandambili. Na kila mwaka kuna kesi. Mama anasema maji yanatoka kwa jirani wa juu aliyeinua msingi wa nyumba yake. Jirani anasema yanatoka barabarani. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye sote tunamwamkia shikamoo na kumsikiliza, husema maji yana njia yake na tumejenga juu ya njia hiyo. Kila mmoja ameona, kila mmoja ana ushahidi, na hakuna aliyeangalia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mvua ikianza kila mtu anakimbilia kuanua nguo na kuingiza jiko.

Siku moja mchana wingu likasimama upande wa bahari, jeusi la kuchukiza. Nikaweka stuli kibarazani, simu juu yake, nikaiegemeza kwenye kopo la mchanga, chaja ya mkononi pembeni, na mfuko wa nailoni juu ukiacha lenzi wazi. Mbele ya kamera nikasimamisha ndoo ya lita 20. Mama akaniuliza, "Wewe, hiyo simu ya bumu unaitoa kafara?" Nikamwambia, "Mama, leo tunampata mwizi."

Mvua ikapiga kama saa 3 na nusu. Jioni tukakaa kitako, mimi, mama na wadogo zangu, tukaangalia sekunde zisizofika 60. Mwanzo ua mkavu. Kisha vidimbwi. Kisha mfereji wa pembeni unaanza kutiririka vizuri tu, unapitisha maji kama inavyotakiwa. Halafu ghafla, kwenye kona ya uzio, maji yanasimama. Yanapanda. Yanageuka. Yanaingia kwetu kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyealikwa.

Pale kona kulikuwa na nini? Rundo la mchanga. Mchanga wetu sisi, tulioumwaga mwaka juzi kwa ajili ya chumba cha uani ambacho hela yake haijapatikana. Kila mvua ilikuwa inausukuma kidogo kidogo ndani ya mfereji, na sisi tulikuwa tunaipanda kesi kwa jirani.

Mama aliomba airudie mara tatu. Hakusema kitu. Asubuhi akachukua sepetu mwenyewe kabla hatujaamka, na baada ya chai akavuka kwenda kwa jirani. Alichosema huko sikukisikia, ila alirudi na embe.

Sisimulii haya ili nionekane mtaalamu. Nasimulia kwa sababu macho yetu sote yalikuwepo miaka yote hiyo na hayakuona. Jambo likienda polepole kuliko uvumilivu wetu, tunalijaza kwa kisa. Kamera iliyotulia haina kisa wala haina jirani.

Na hapa nirudi mlimani, maana theluji ya Kilimanjaro yenyewe ina historia ya watu kubishana bila kuangalia. Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea upande wa Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akaamini ni theluji. Kiongozi wa msafara wake, mtu wa pwani kama sisi, hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi tu. Habari zilipofika London, William Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Akashikilia msimamo huo miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia kichwani. Ubishi wa kitabuni ulichukua zaidi ya miaka 10 kupatiwa jibu ambalo angekuwepo mtu wa kukaa na kutazama lingepatikana kwa msimu mmoja.

Mnaona tofauti na darasani kwetu? Mimi naiona ndogo. Sisi ni Cooley wenye shahada. Tunafundisha theluji kwa uhakika mkubwa bila kuiona, na mtoto anayeuliza "inaangukaje" tunamwokoa kwa kengele.

Ubaya ni kwamba kutojua huku kunatugharimu kwenye jambo zito. Kila mara theluji ikianguka Kibo na mlima ukaamka mweupe, picha husambaa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na maneno "barafu imerudi, wanasayansi walitudanganya". Nimewahi kuipokea kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu wa Elimu, mtu atakayefundisha Jiografia! Theluji na barafu ya mlima si kitu kimoja. Theluji huanguka zaidi katika misimu ile ile ya masika na vuli tunayoijua Tanga, na sehemu kubwa yake huondoka ndani ya siku au wiki. Barafu ya mlima ni akiba ya miaka mingi mno, iliyoshikamana. Mwaka 1912 ilipopimwa, ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Mlima unaweza kuvaa kanzu nyeupe Jumatatu na bado ukawa umekonda.

Na sababu zake zinataka utulivu kuzieleza. Dunia kuongezeka joto ni sababu, lakini watafiti wameonyesha pia kwamba ukavu una sehemu kubwa: theluji mpya ikipungua, barafu chakavu inabaki wazi, inameza jua badala ya kulirudisha, na sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kwa maneno mengine, theluji ya msimu ni mwavuli wa barafu ya zamani. Hili ukilieleza kwa mdomo, mwanafunzi atakariri aandike kwenye mtihani. Ukimwonyesha picha za mwaka mzima kwa dakika mbili, mwavuli ukifunguka na kufungwa, haliwezi kumtoka.

Hata wataalamu wamefundishwa adabu na mlima huu. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha. Mwaka 2022 UNESCO ikasema itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Hii haimaanishi kwamba kila kitu ni uongo. Maana yake ni kwamba mwendo wa jambo la polepole ni mgumu kukisia na unahitaji kuangaliwa bila kupumzika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika mtambo wa kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000, na namba zake zimeandikiwa makala nyingi za kisayansi. Mwanafunzi wangu wa benchi la nyuma ameambulia nini katika hizo? Chochote.

Basi nina mapendekezo matatu, na naomba yasomwe na wanaohusika.

La kwanza ni letu wenyewe. Kila mwalimu mwanafunzi anayekwenda TP arudi na video moja ya taimulapsi ya mahali alipofundisha: bamvua likijaa na kutoka, ukungu ukishuka Lushoto, vumbi la Dodoma, soko likifunguliwa, maharage yakiota kwenye pamba. Ziwekwe kwenye hifadhi moja ya idara. Kwa miaka mitano tutakuwa na maktaba ambayo haiuzwi duka lolote la vitabu.

La pili ni la vyuo. Tunasoma zana za kufundishia na kujifunzia muhula mzima, tunachora chati kwenye manila, tunapata alama, chati zinaozea chini ya vitanda hosteli. Mtaala mpya wa sekondari unasisitiza umahiri na kutenda. Basi na sisi tufundishwe kutenda. Simu tunazo. Tunazitumia kudesa, tuzitumie na hivi.

La tatu ni la serikali na hifadhi ya mlima. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Kilimanjaro, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tulishangilia, na tulisifiwa duniani. Sababu kubwa iliyosemwa ni watalii na usalama wao, na sipingi. Utalii unalipa mishahara ya wengi. Lakini kama mgeni anaweza kurusha picha yake akiwa kileleni, kamera moja iliyofungwa imara ikiangalia barafu, inayopiga picha moja kila saa na kuituma chini ili shule yoyote iipakue bure, haiwezi kuwa mzigo kwa nchi. Mkoa wetu unapakana na Kilimanjaro. Basi la asubuhi kutoka Kange linakufikisha Moshi mchana. Halafu mtoto wa Tanga anaijua theluji ya New Jersey tu!

Najua majibu. Mtu atasema shule nyingi hazina umeme wa uhakika wala projekta. Kweli, ndiyo maana nilitumia simu moja kwa wanane wanane, na kazi ilifanyika. Mwingine atasema simu haziruhusiwi kwa wanafunzi. Sijasema wapewe, simu ni ya mwalimu, na stuli ni ya shule. Wa tatu, huyu ndiye namheshimu zaidi, atasema picha inaweza kudanganya. Inaweza. Kamera inaona upande mmoja tu, na anayeunga picha anaweza kuruka zisizompendeza. Ile video yangu haikuonyesha kilichokuwa nyuma ya uzio wa jirani, na huenda naye ana rundo lake. Ndiyo sababu nataka wanafunzi wazipige wenyewe, wajue pengo limewekwa vipi na kamera imeelekezwa wapi. Anayejua kupika hadanganywi kirahisi na chakula cha mtu.

Na kuna pingamizi ambalo ni langu mwenyewe. Wakati nawaonyesha wale watoto, mmoja alisema, "Kumbe haina kelele." Nikamkubalia haraka. Baadaye nikakumbuka kwamba video za namna hii hazina sauti ya tukio kabisa. Hata mvua ya bati ingekuwa kimya. Alikuwa amepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na mimi mwalimu wake nimempa vema. Kesho yake nikarudi kulirekebisha. Zana haiondoi mwalimu. Inamwongezea kazi, na kazi hiyo ni nzuri.

TP iliisha, nikaaga. Yule kijana alinisindikiza hadi getini akiwa amenibebea mkoba, akauliza tena kuhusu Kilimanjaro. Nikamwambia bado haipo. Akasema, "Ikipatikana, Madam, utatutumia?"

Nilimwahidi. Sasa naomba mnisaidie nisiwe mwongo.